Mpe Mkeo Usukani

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wazee wetu. Walakini mume wa siku hizi, na wa siku zile pia tukitaka kusema kweli, hachezi kwao. Akisha kula chakula cha usiku hutwaa bakora yake akaenda barazani, na huko akacheza bao, au dhumna, au karata, hata macho yakawa mazito. Mkewe aliye dirishani humsikia akicheka, maana kicheko husafiri mbali katika vichochoro vyetu, naye hujiuliza mbona kicheko kile hakifiki nyumbani. Mume arudipo huwa amekwisha kucheka hisa yake ya siku, na kilichobaki ni kuuliza kama maji ya kuoga yako tayari.

Jambo hili ni la zamani, nami singelitia kalamuni leo kama lisingalinijia kwa sura mpya, na mahali nisipopatarajia. Nataka kuzungumza juu ya mchezo wa magari madogo yanayoendeshwa kwa rimoti, na juu ya mume anayetaka mkewe aingie katika mchezo huo. Najua wako watakaocheka. Watasema mshairi huyu amezeeka, sasa anarudi kwenye vichezeo. Wacheke, kisha wasome mpaka mwisho, kwani hoja yangu haihusu gari peke yake. Rai yangu ni kwamba mume hawezi kumshirikisha mkewe katika starehe yake kwa kumfanya mtazamaji. Akitaka ashiriki, na ampe usukani, tena ampe kweli kweli.

Kwanza nieleze gari lenyewe, maana wengi wetu tunajua kile kichezeo kinunuliwacho asubuhi ya Idi, ambacho hufa kabla ya sala ya Laasiri. Hilo silo nilisemalo. Gari nilisemalo ni la watu wazima. Urefu wake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na vipimo vyake aghalabu ni moja kwa kumi ya gari la kweli. Lina mota, lina springi na shokomzoba zenye mafuta ndani, lina gia, na kila kiungo chaweza kufunguliwa kwa bisibisi, kikatengenezwa au kikabadilishwa. Rimoti yake ina kigurudumu kidogo cha kugeuzia na kifyatulio cha kutilia kasi. Betri zake ni zile za lithiamu, zenye nguvu na zenye hasira pia, ambazo hazitaki kuachwa kwenye chaja bila ya mtu, na ikivimba moja huwekwa kando isitiwe moto tena.

Asili ya mambo haya si gari bali ni chombo cha majini, habari itakayowafurahisha watu wa pwani. Mwaka wa 1898, mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyogeuka huku na huku pasipo kamba wala nahodha ndani yake, ikiamrishwa kwa mawimbi ya redio. Magari yalikuja nyuma sana. Mwaka wa 1966 kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Italia ilitoa Ferrari 250 LM ndogo ya kuendeshwa kwa redio, na mwaka wa 1976 Tamiya ya Japani ikatoa Porsche 934 yake, mchezo ukaenea ulimwenguni. Tamiya hiyo ilianza mwaka wa 1946 kwa biashara ya mbao, na makao yake yako Shizuoka. Nawaomba wasomaji walikumbuke jina la Shizuoka, kwa sababu Shizuoka ni mashuhuri kwa chai miongoni mwa Wajapani kama Kericho ilivyo mashuhuri kwa chai miongoni mwetu.

Na Kericho ndiko nilikoliona gari hilo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha majani ya chai, upande ule Kericho inakopakana na Bomet. Zamani zote mbili zilikuwa wilaya moja, Bomet ikatengwa mwaka wa 1992, lakini chai haikujua mpaka huo, imeendelea kilima hadi kilima kama zulia moja. Kutoka Mombasa hadi huko ni zaidi ya kilomita 700. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake humwingia mtu wa pwani mifupani, mvua hupenda kunyesha alasiri, na mara nyingine huwa mvua ya mawe, ikapiga mabati mtu asisikie hata adhana ya simu yake.

Mpwa wangu aliposhika kazi huko alikwenda na mkewe, binti wa Lamu, mwanamke mwenye mkono wa hina na piko ambao maharusi wa Mombasa walikuwa wakiuwekea zamu. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya binti huyo. Kwao ukifungua mlango unakutana na shangazi. Ukifungua dirisha unaitwa na jirani. Huko alifungua mlango akaona chai. Lugha ya Kikipsigis hakuijua, na majirani, ingawa ni watu wakarimu, hushinda kazini. Msikiti uko mjini, nao nyumba yao iko mbali na mji. Jani la chai likishachumwa halingoji, lazima linyaushwe, lisagwe na likaushwe muda si mrefu, na kwa hivyo kiwanda hufanya kazi usiku na mchana, na fundi wa umeme huitwa saa yoyote mashine inapogoma. Mume alikuwa akirudi alfajiri mkewe anaamka, akalala mkewe anapika.

Ilibaki Jumapili. Na katika hiyo Jumapili likaingia gari.

Alilinunua kwa bei ya mbuzi wawili wazuri, na hakumwambia mkewe bei hiyo kwa ukamilifu wake. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya mvua, alikuwa akienda uwanja wa mpira wa shule iliyo karibu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, pamoja na vijana wawili wa kazini waliokuwa na magari yao. Mkewe alibaki nyumbani. Alipozidi kunung'unika mume akamchukua uwanjani, akamketisha juu ya jiwe, akampa betri za akiba azishike. Akashika betri saa mbili. Siku hiyo, kama alivyonieleza mwenyewe, ndipo alipomtumia mamake ujumbe wa sauti, akamwambia yuataka kurudi Lamu, na safari hii si kwa kutembea.

Maneno yake kwangu yalikuwa haya: "Mjomba, mimi niliolewa na mtu, na huku nimemkuta mke mwenza wa plastiki. Mke mwenza wa kweli ningeligombana naye. Huyu wa plastiki nitamwambia nini?"

Simwoni kuwa alitia chumvi. Walioonja ugeni watafahamu. Haki ya mke si chakula na nguo na dari tu. Katika haki zake ni kuwapo kwa mume pale anapokuwapo, na mtu aweza kuwa chumba kimoja na mkewe naye hayupo. Wako wanaume wasiokwenda barazani kabisa, na wake zao huwasifu kwa majirani, kumbe wamejenga baraza ndani ya simu au ndani ya karakana.

Sasa, mpwa wangu alipopata habari ya ujumbe ule, kupitia kwa dada yangu, angeweza kuliuza gari. Nusu ya wazee wangemshauri hivyo. Angelifanya hivyo, yamkini mkewe angelipata Jumapili yenye mume aliyenuna. Badala yake alifanya jambo ambalo nalisifu, na ndilo lililonifanya niandike. Alikwenda kwa mkewe akamweleza bei ya lile gari, senti kwa senti. Kisha akamwuliza: "Je, wewe ungependa kuendesha, au hutaki kabisa kulisikia?" Na akanyamaza kungoja jibu.

Kungoja jibu, wanaume wenzangu, ni kazi ngumu kuliko kununua gari.

Akasema atajaribu mara moja. Na namna alivyojaribishwa ndiyo elimu yenyewe, nami nitaitaja hatua kwa hatua, kwa kuwa yafaa hata kwa mume ambaye mchezo wake ni uvuvi au kufuga njiwa au kupiga udi.

Hatua ya kwanza, gari lilipunguzwa kasi. Rimoti nyingi zina kidude cha kuzuia kasi isipite kiasi fulani, na mwanafunzi huwekewa hicho. Wanaume wengi hufanya kinyume chake. Humpa mke gari likiwa katika ghadhabu yake yote, likaruka, likapinduka, kisha mume akacheka mbele ya watu. Kicheko hicho ndicho kinachoumaliza mchezo, na mume hubaki akisema wanawake hawapendi vyombo vya moto.

Hatua ya pili, alisimama nyuma yake na mikono yake akaifunga mgongoni. Huyu ni fundi wa umeme, mtu ambaye mkono wake huenda kwenye kosa pasipo kuamrishwa. Gari likaelekea shimoni, asinyang'anye rimoti. Likaingia shimoni. Mkewe akalitoa mwenyewe kwa kulirudisha nyuma, na hapo, aliniambia, ndipo alipojua kuwa gari ni lake kwa muda ule. Kitu ambacho kila mara unanyang'anywa kikitaka kuharibika si chako, umeazimwa tu.

Hatua ya tatu ni fumbo la mchezo huu ambalo kila anayeanza hukumbana nalo. Gari likienda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Likigeuka na kukujia, kulia kwako kumekuwa kushoto kwake. Hapo mkono hubabaika, mtu akataka kuliokoa gari akalipeleka ukutani. Dawa yake ni moja: usigeuze kwa jicho lako wewe uliyesimama, jitie moyoni kuwa umeketi ndani ya gari. Mumewe alitaka kumweleza kwa hesabu. Yeye alilifahamu kwa hina. Alisema: "Ni kama kumpaka bi harusi aliyenikabili. Kulia kwake ni kushoto kwangu, nami huo mkono naupaka kila siku." Jumapili ya pili alikuwa akizungusha gari kwenye goli pasipo kugusa mlingoti, na wale vijana wawili wakawa wanamwuliza yeye.

Sitaki kulifanya neno hilo kubwa kuliko lilivyo, lakini nalo lina mafunzo. Mume anapomjia mkewe na furaha yake mkononi, kulia kwake huwa kushoto kwa mwenziwe. Aonalo yeye ni pumziko, mkewe huliona kuwa ni Jumapili iliyopotea. Mpaka ajitie mahali pa mwenziwe ndipo atakapojua agezeje usukani.

Hatua ya nne ilikuwa ya mke mwenyewe. Magamba ya magari haya hutengenezwa kwa plastiki angavu kama kioo, na rangi hupakwa kwa ndani ili isichubuke kwa mawe. Basi mpakaji lazima aanze na nakshi, kisha ndiyo atie rangi ya chini, kwa kuwa atakachotangulia kupaka ndicho kitakachoonekana nje. Ni kazi ya kufikiri kinyumenyume, na mafundi wengi huiharibu. Binti yetu wa Lamu alichukua gamba jipya akalichora maua ya hina toka mbele hadi nyuma, mekundu ya udongo juu ya rangi ya maziwa. Nililishika mkononi. Nimeona milango ya Lamu iliyochongwa, na nasema gamba lile halikuwa na haya ya kusimama karibu yake. Watoto wa shule ile, ambao wenyewe huunda magari ya waya na vifuniko vya chupa kwa ustadi wa ajabu, walilizingira kama kwamba limeshuka kutoka mbinguni.

Tangu hapo magari yakawa mawili. La pili halikuwa jipya, lilikuwa kuukuu la mmoja wa wale vijana, nao walikubaliana bei yake wote wawili kabla ya kulipa. Na hapa kuna jambo la ufundi lililonipendeza kwa ajili ya neno lake. Katika rimoti za zamani, zile za megahezi 27, magari mawili yakitumia wimbi moja yalikuwa yakigombana. Ukigeuza lako likageuka la mwenzio, au yote mawili yakapumbaa. Rimoti za siku hizi, za gigahezi 2.4, huoanishwa kwanza na kipokezi cha gari lake, kisha kila gari likamsikiliza wake hata wakiwapo kumi uwanjani. Kuoanisha! Waswahili wamelitoa neno hilo palepale walipotoa kuoa. Wala halimaanishi kwamba wawili wamekuwa kitu kimoja. Maana yake ni kwamba kila mmoja amejua sauti ya kuisikiliza.

Najua yatakayosemwa dhidi ya haya yote. La kwanza litakuwa kwamba huu ni upuuzi, na mtu mzima hapaswi kucheza. Mimi si mufti. Nilisoma chuoni Kurani na vitabu vidogo vya fiqhi kwa fimbo ya mwalimu, nikaishia hapo. Lakini hata huko chuoni tulisikia habari za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, naye Bibi Aisha akashinda. Baada ya muda wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Tulisikia pia kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume akasimama kumkinga Bibi Aisha apate kutazama, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliposhiba kutazama. Ndugu zangu, litieni akilini hilo la mwisho. Aliyepima muda alikuwa mke. Na imepokewa katika hadithi kwamba miongoni mwa michezo michache isiyohesabiwa kuwa ni upuzi ni mtu kucheza na mkewe. Sasa ni nani atakayesema kwamba kicheko cha barazani ni cha heshima na kicheko cha nyumbani ni cha utoto?

La pili watasema, mwanamke wa Kiislamu kusimama uwanjani na rimoti ni fedheha. Nami nauliza, fedheha iko wapi? Alikuwa na buibui lake, na mumewe ubavuni, asubuhi, mbele ya watoto. Hakumgusa mtu wala hakumkashifu mtu. Na kama hoja ni kwamba usukani si wa mwanamke, basi hoja hiyo ilikwisha kuzikwa hapahapa Kenya. Mwaka wa 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walishika nafasi ya tatu katika Safari Rally, na mwaka wa 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa naye akamaliza wa tatu kwa Audi Quattro. Walipita katika matope yaleyale yaliyowameza wanaume wengi. Kericho wanajua thamani ya usukani, kwani Joginder Singh alizaliwa huko mwaka wa 1932. Alishinda Safari mwaka wa 1965 kwa Volvo, tena hakushinda peke yake, alikuwa na nduguye Jaswant ubavuni. Kisha akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Safari haikuwa mashindano ya mtu mmoja asilani. Mwenye kusoma njia na mwenye kushika usukani walikuwa hai pamoja au walikwama pamoja.

La tatu ni israfu, na hili ndilo lenye uzito. Pesa za mbuzi wawili si kitu kidogo katika nyumba ya fundi. Nakubali. Ndiyo maana nasema bei isifichwe. Starehe iliyonunuliwa kwa siri huwa na harufu ya usaliti hata ikiwa ni ya halali. Wawili wakikaa, wakaweka kando kodi na karo na haki za wazee, kisha wakakubaliana kuwa kilichobaki kiende katika jambo la kuwafurahisha wote, mimi sioni israfu hapo. Israfu naiona katika sigara na mirungi ya kila siku, ambayo hakuna mke aliyewahi kupewa hesabu yake.

Lakini nitie masharti, maana mchezo usio na mpaka hugeuka kuwa bwana wa mtu. Sharti la kwanza, pasiwekwe dau. Vijana wakianza kuweka mia mia juu ya gari litakalotangulia, huo ni kamari, na jina jingine halina. La pili, sala ikiingia gari lilale. La tatu, ichungwe ardhi na watu wake. Magari hayapelekwi katika mistari ya chai, kwa kuwa mche ule ni riziki ya mtu. Na huko Kericho na Bomet mashine si jambo la mzaha. Mashine za kuchumia chai zimewaondoa wachumaji wengi kazini, na mwezi wa Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto katika maandamano. Mpwa wangu amefanya adabu kutocheza siku za kazi mbele ya nyumba za wachumaji. Mtu aliyenyang'anywa kazi na mashine hapaswi kuwekewa mashine nyingine ya kuchezea machoni pake.

Na sharti la nne, ambalo wanaume watalisahau haraka kuliko yote, ni kwamba mke ana haki ya kukataa. Ampendaye mumewe si lazima apende gari. Akijaribu akaona halimwingii, basi mume amshukuru kwa kujaribu, na amwulize yeye apenda nini, kisha aende akajaribu hicho kwa subira ileile aliyoitaka. Mpwa wangu sasa ajua kuchekecha unga wa hina na kuukanda kwa maji ya ndimu mpaka ulainike. Majirani wa Kikipsigis wameanza kuja kupakwa wakati wa harusi, na yeye ndiye mkandaji. Nilimkuta vidole vyake vyekundu mpaka kwenye kiungo cha pili, naye hakuvificha.

Sitawadanganya kwamba gari la plastiki limemaliza ugeni. Mkewe bado ana kiu ya bahari, na usiku wa zamu bado ni mrefu. Yule mama wa Lamu bado huuliza kwa simu mwanawe atarudi lini, na yafaa aulize. Lakini ile safari isiyokuwa ya kutembea imeahirishwa, na aliyeiahirisha ni mwenyewe binti, pasipo kushawishiwa na mtu. Nilipoagana nao aliniambia, "Mjomba, mwambie mama nitakuja Maulidi, na nitarudi huku." Neno hilo la kurudi nililibeba mpaka Lamu kama amana, nikalifikisha.

Niwaachie ubeti mmoja, kwani nimezoea kuaga hivi:

Mke mpe usukani, asiwe mtazamaji,
Simuweke barazani, kama mgeni wa mji,
Mchezo ni wa nyumbani, si mali ya mchezaji,
Kicheko cha mwenzi ndani, chapita cha mashabiki.

Na wewe uliyekwisha kuvaa kanzu ukitaka kutoka kwenda baraza, ngoja kidogo. Bao lina mashimo ya kutosha watu wawili, na mtu wa pili yumo nyumbani mwako. Mwulize kama ataka kucheza, kisha ungoje jibu.